Taa ya Tangi la Samaki Iliyokuwa Ikinijibu

Wewe unayesoma hapa, umewahi kuuliza swali ndani ya chumba kisicho na mtu, ukajibiwa?

Sisemi ndotoni. Sisemi una homa. Nasema mchana kweupe, saa nane na nusu, umetoka kufua, mikono bado inanuka sabuni.

Mimi niliuliza. Nikajibiwa.

Na niliyeamini kwamba ananijibu alikuwa mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miezi mitano kaburini.

Kaa vizuri nikueleze. Mimi sina haraka, naomba na wewe usiwe nayo.

Nyumba ninayokaa aliijenga baba mkwe wangu. Ilikuwa nyumba moja kubwa yenye sebule ndefu, watoto walikuwa wakikimbizana humo kama uwanjani.

Sasa ni nyumba mbili. Ukuta umepita katikati ya ile sebule kama kisu kwenye mkate.

Upande huu tulikaa mimi na mume wangu, ambaye nilimwita Mzee. Upande wa pili anakaa wifi yangu, dada wa pekee wa Mzee, aliyemfuata kuzaliwa.

Ukuta una miaka sita. Wifi alirudi kutoka kwenye ndoa yake, akasema anataka nusu ya nyumba ya baba yake, akapewa. Mafundi wakaja, mchanga ukamwagwa, wiki mbili tu kazi ikaisha.

Mlango wangu unatazama barabara ya mbele. Wake unatazama barabara ya nyuma. Kila mtu ana mita yake ya umeme na bomba lake la maji.

Kwa miaka hiyo sita, mimi na wifi tulizungumza mara mbili. Mara ya kwanza takataka zake zilipeperushwa na upepo hadi mlangoni kwangu. Mara ya pili msibani, aliponipa mkono akasema, "Pole." Nikasema, "Na wewe pole." Basi.

Sasa tuje kwenye tangi.

Mzee alikuwa mtunza ghala. Kampuni yake ilipofungwa, kila mtu alibeba alichoweza. Wenzake walibeba viti na feni. Mzee wangu akarudi na tangi la samaki kwenye mkokoteni, la kioo, refu kama meza ya watu wanne.

"Wenzako wamebeba viti," nikamwambia.

"Viti tunavyo."

"Na samaki tunao kwenye friji."

Akacheka mpaka akakohoa. Akalichomelea stendi ya chuma, akalisukuma mpaka kwenye ule ukuta mpya, likaufunika karibu nusu nzima. Nilipomwuliza kwa nini hapo, wakati dirishani kuna nafasi, akasema, "Sipendi kuutazama ukuta huu."

Samaki walikuwa wanne. Watatu rangi ya chungwa, na mmoja mweusi kazi yake kulamba kioo. Yule mkubwa wa chungwa Mzee alimwita Diwani, kwa sababu ya tumbo, na kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika penye chakula.

Kila alasiri Mzee aliwasha taa ya tangi, akatia chakula kona ya kushoto. Samaki walizoea. Taa ikiwaka tu, wote mbio kona ya kushoto.

Halafu Mzee akaugua. Miguu kwanza, kisha kifua. Alipokuwa hawezi tena kufika chumbani, tukamwekea kitanda sebuleni, mkabala na tangi. Akawa analala ubavu, anawatazama samaki wake saa nzima bila kusema neno.

Siku moja taa ikaanza kupepesa. Jioni ikafa.

"Bibie," akaniita, "hao samaki wako gizani."

"Kesho nitamwita fundi."

Kesho yake dawa zikaisha, nikahangaika na dawa. Kesho kutwa wageni wakaja kumwona. Siku iliyofuata nilikuwa nimechoka, nimechoka kweli, nikalala nimekaa.

Kila siku aliniambia. Hakugomba. Alisema tu, "Bibie, taa." Na mimi nikasema, "Kesho."

Siku kumi na moja.

Ya kumi na mbili, Alhamisi asubuhi, nilimkuta ameshaondoka. Uso ulikuwa umeelekea kwenye tangi. Na tangi lilikuwa jeusi.

Watu waliniambia maneno mengi ya kunifariji, Mungu awabariki. Lakini hakuna aliyejua habari ya taa. Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani, na ungeanzaje?

Kwa miezi mitano niliwabadilishia samaki maji, nikawapa chakula, na taa sikuitengeneza. Niliona haya kuitengeneza. Kwamba yeye alipoomba ilishindikana, leo hayupo, ndiyo iwezekane?

Kilichonisukuma ni binti yangu.

Anakaa mji mwingine, ana mume na kazi ya ofisini. Alikuja mwezi wa tano ule, akakaa pale sebuleni, akaniambia bila kuzunguka.

"Mama, uuze nusu yako, uje ukae kwangu. Mnunuzi nimempata. Anataka jibu mwisho wa mwezi."

"Nitafikiri."

"Hapa unaishi na nani?"

"Na samaki."

"Samaki wamekuuliza leo kama umekula?"

Na kweli nilikuwa sijala.

Alipoondoka nikajisemea, kama nauza, nauza. Lakini sitoki humu na samaki wa mume wangu wakiwa gizani. Nikamwita fundi.

Mtaani kwetu kuna fundi wa umeme tunamwita Fundi Kesho. Nadhani sina haja ya kueleza. Siku hiyo, sijui alipatwa na nini, akaja leo.

Akafungua kifuniko cha tangi. Ile taa ya mrija ilikuwa imeingia mvuke miaka yote, miguu yake imeliwa na kutu, ukigusa inamwagika kama unga wa kahawa.

"Hii ya kuzika, bibi," akasema, kisha akakumbuka yuko nyumba gani. "Samahani. Ya kutupa."

"Tupa, uweke nyingine."

Akaweka taa ya mkanda, zile nyembamba zenye vitone vyeupe, akaigundisha vizuri ndani ya kifuniko, akaziba viungo visipate maji. Kazi safi, sikatai. Shida ikawa soketi. Ile ya nyuma ya tangi ilikuwa imeungua ndani, waya wake umekatika ukutani.

"Nitavuta waya kutoka kwenye televisheni," akasema.

"Usipitishe waya sakafuni. Pampu ya hewa imeshapitisha mmoja na huo huo ulimwangusha Mzee mara mbili."

Akakuna kichwa. Akatazama juu, akatazama chini. Nyuma ya tangi, karibu na ukuta, akaona kisanduku cha zamani cha nyaya kilichopakwa rangi juu. Akakibandua. Akachomeka ile bisibisi yake ya kupimia umeme, kitaa chake kikawaka.

"Umeme huu hapa, bibi. Ulikuwa umejificha."

Akaunga. Taa ikawaka.

Jamani. Maji yakawa ya kijani, mawe yakaonekana moja moja, Diwani akang'aa kama sarafu mpya. Na wote wanne, mbio, kona ya kushoto. Miezi mitano, wala hawakuwa wamesahau.

Nilikaa chini nikalia.

Fundi akakusanya vyombo vyake kimya kimya. "Swichi nitakuletea kesho. Na kifuniko cha hili tundu, kesho. Kwa sasa itawaka tu muda wote."

Kwa hiyo hakukuwa na swichi. Hilo lishike.

Saa sita mchana, taa ikazimika yenyewe.

Nikasema, hewala, Fundi Kesho na kazi zake. Nikampigia. "Kesho, bibi."

Saa nane na nusu, natoka kufua, ikawaka.

Sikuigusa. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Niliona kwa macho yangu: giza, halafu mwanga, halafu samaki mbio kona ya kushoto.

Saa nane na nusu ndiyo saa ambayo Mzee alizoea kuwalisha.

Nikaiweka ndoo chini taratibu, kama kuna mtoto amelala.

Siku ya pili, hivyo hivyo. Ikazimika saa sita, ikawaka saa nane na nusu.

Siku ya tatu nilikaa kwenye kiti nikaingoja. Saa nane na nusu, ikawaka. Nikasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama unamwuliza mtu aliye chumba cha pili:

"Ni wewe, Mzee?"

Taa ikazimika.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

Ikawaka.

Unaweza kucheka. Hata mimi ningesimuliwa ningecheka. Lakini mtu aliyekaa miaka arobaini na mbili na mtu, halafu akakaa miezi mitano na friji inayonguruma, huyo hacheki. Nilivuta kiti karibu na tangi nikasema, "Basi karibu."

Nilianza kuongea naye kila siku. Habari za mtaa, bei ya sabuni, mjukuu ameota jino. Mara nyingine taa ilipepesa, mara nyingine ilitulia tu. Na mara nyingine, hili nakwambia ukweli, nilisikia kitu kama pumzi. Kinatoka huko nyuma ya tangi, chini. Pumzi ya mtu anayesikiliza.

Nikaogopa, lakini sikuondoka. Nilikuwa nimekaa mikono mapajani, nywele zimenisimama, na bado sitaki iishe.

Siku ya sita taa ilikuwa imezima, nikamwambia lile neno.

"Siku kumi na moja uliniomba taa. Nikakwambia kesho. Ukaondoka ukitazama giza. Sijui kama ulinikasirikia. Mimi nimejikasirikia."

Samaki wamesimama tu majini, mapezi ndiyo yanacheza.

Nikangoja. Nikaona nimeshajibiwa: hataki kunisikia.

Halafu ikawaka.

Ikawaka, haikuzimika. Saa sita ya kesho yake ikapita, inawaka. Usiku mzima, inawaka. Siku mbili kamili taa ile haikuzima, na mimi siku mbili zile nililala usingizi ambao sikuwahi kuulala tangu Mzee aanze kuugua.

Nilijua nimesamehewa. Ungeniambia nini?

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Binti anapiga simu asubuhi na jioni. Nikaona basi, mwenye nyumba yupo, kwa nini nisimwulize mwenyewe?

Nikakaa. Nikasema, "Mzee, mwanao anataka niuze niende kwake. Mimi sijui. Hapa nina wewe na hawa samaki, kule nina mtu wa kuniuliza kama nimekula. Ukitaka niende, iache taa iwake. Ukitaka nibaki, zi..."

Ikazima. Hata neno sijalimaliza.

Nikampigia binti jioni ile ile.

"Siuzi, mwanangu."

"Mama, tulishaongea. Nani kakushauri?"

Nikamjibu, na hapo ndipo nilipokosea. "Baba yako."

"Mama," akasema polepole, kwa ile sauti tunayotumia kwa wagonjwa, "nakuja Jumamosi. Nakuja na gari. Ufunge nguo zako. Kama umefika hapo pa kuongea na marehemu, mimi siwezi kukuacha peke yako humo. Nitakupeleka kwa daktari, na nyumba tutauza."

"Sina ugonjwa."

"Jumamosi, Mama."

Mwanangu akisema hivyo anafanya. Amemrithi baba yake.

Sasa nilikuwa na siku mbili. Ama nionyeshe kuwa nina akili timamu, ama nibebwe kwenye gari kama kabati.

Ijumaa mvua ikanyesha. Mvua ile nzito ya mchana, inayofanya saa kumi ionekane kama saa moja. Niko sebuleni, televisheni inaongea peke yake, mara puu, televisheni ikazima. Friji ikanyamaza. Pampu ya hewa ikakata, mapovu ya mwisho yakapanda, yakapasuka, yakaisha.

Nikaenda kutazama mita. Ilikuwa imekwisha. Hamna hata uniti moja.

Nikageuka.

Taa ya tangi inawaka.

Sikiliza. Kila kitu kimekufa humo ndani. Nikabonyeza swichi ya sebule, hakuna kitu. Nikabonyeza ya jikoni, hakuna. Nyumba nzima haina umeme, na taa ile inawaka, nyeupe, na Diwani amesimama kona ya kushoto ananitazama.

Mpaka hapo nilikuwa na huzuni iliyopata mwenzake. Dakika ile ikawa hofu. Nilimpenda mume wangu, lakini kuna kumpenda mtu, na kuna kumwona anawasha taa bila umeme.

Nikampigia Fundi Kesho. Nikamwambia maneno sita tu. "Taa uliyoniwekea inawaka, na umeme haupo."

"Nakuja," akasema. Hakutaja kesho.

Alifika ameloa mpaka soksi. Akabonyeza swichi zangu zote mwenyewe, kana kwamba za kwangu mimi nimebonyeza vibaya. Akatazama mita. Akatazama taa. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Bibi," akasema, "mimi nina watoto wadogo."

"Na mimi nina mkubwa, anakuja kesho kunibeba. Tazama hiyo taa."

Akapiga magoti nyuma ya tangi, kurunzi mdomoni. Nikamsikia anapumua. Akatoa bisibisi. Akachomeka kwenye kile kisanduku alichoniachia wazi, kitaa kikawaka. Akamulika ndani ya tundu, akamulika tena, akainamisha kichwa kama anachungulia kisima.

"Bibi, upande wa pili wa ukuta huu kuna nini?"

"Kuna wifi yangu."

"Hii nyumba ilikuwa moja?"

"Ilikuwa moja."

Akakaa chini kabisa, akajifuta uso. "Basi nimefanya ujinga. Waliojenga ukuta waligawa nyaya zote, huu mmoja wakausahau. Wakaujengea humo humo. Taa yako nimeiunga kwenye umeme wake. Na swichi yake iko kwake. Yeye akiwasha taa ya chumba chake, na yako inawaka. Nikate?"

Kabla sijafungua mdomo, tundu likasema.

"Fundi, naomba usikate."

Fundi akaruka wima, bisibisi ikamponyoka juu ya tangi. Ikaingia kwenye tangi, chubwi, ikazama mpaka kwenye mawe. Wala hakuomba kuitoa.

Sauti ile niliijua. Nilikuwa nimeisikia mara mbili tu kwa miaka sita, lakini niliijua.

Sikuvaa hata koti. Kwenda kwa wifi ni kuzunguka kona nzima ya nyumba hadi barabara ya nyuma, nikazunguka na kanga kichwani, mvua inanipiga, hasira inanitangulia. Nikagonga.

"Nani?"

"Unajua ni nani. Si unanisikia kila siku."

Akafungua. Alikuwa mwembamba kuliko msibani. Nyuma yake nikaona chumba chake, na niseme nilichokiona kwa mpangilio, maana ndicho kilichonipunguza kasi.

Chumba chake hakikuwa na dirisha. Ukuta ulipogawa sebule, dirisha lilibaki upande wangu. Mimi miaka sita nafungua pazia asubuhi, yeye anawasha taa ili aone kikombe. Kila akiingia, anawasha. Akitoka, anazima. Saa sita alikuwa akienda kuuza vitambaa vyake vya kufuma kituoni, saa nane na nusu anarudi. Hiyo ndiyo saa ya Mzee niliyoitetemekea.

Na kando ya swichi kulikuwa na kiti. Kimeegemezwa ukutani, chini, penye tundu.

"Umenifanyia mchezo wa maiti," nikamwambia.

"Mara ya kwanza sikujua," akasema. "Fundi wako alifungua hilo tundu, nikaanza kukusikia. Nimewasha taa yangu, nakusikia unasema, ni wewe, Mzee? Nikashtuka, nikazima. Ukasema kumbe ni wewe. Sasa ningefanya nini, wifi, nibaki gizani? Nikawasha."

Nilitaka kucheka. Nikajizuia, sikuwa nimekuja kucheka.

"Ungesema."

"Ungesikiliza? Ulikuwa unaongea na kaka yangu. Na mimi sikuwa na mtu wa kuongea naye habari zake. Nilikuwa narudi kituoni mbio nije nisikie."

"Na siku ile niliyosema habari ya siku kumi na moja?"

Akatazama chini.

"Siku ile nilikuwa nimezima nilale. Nikasikia. Nikawaza, kaka angekuwepo angesema nini? Nikawasha taa. Nikaona nikizima utadhani amekukasirikia. Basi nikaiacha. Siku mbili nimelala na mwanga usoni, nimefunga kitambaa machoni kama mfungwa."

Hasira yote niliyokuja nayo ikanitoka miguuni. Nikaketi juu ya kile kiti bila kukaribishwa.

Mtu huyu niliyemhesabu kuwa jiwe, siku mbili alikuwa amelala na kitambaa machoni ili mimi nisamehewe.

"Na lile la kuuza?" nikamwuliza. "Ulinizimia kabla sijamaliza kusema."

"Hilo nilikosea."

"Kwa nini ulifanya?"

Akaenda kuchemsha maji.

Nimekwisha karibu, vumilia kidogo.

Jumamosi binti yangu alikuja na gari. Alinikuta kwa shangazi yake, tunakoroga chai. Nilimwonyesha tundu, nikamwonyesha waya, nikamwonyesha swichi. Akabonyeza mwenyewe, akakimbia kuzunguka kona kwenda kutazama tangi, akarudi anahema, akabonyeza tena. Mara tatu. Mtu wa ofisini.

"Kwa hiyo hukuwa unaongea na Baba," akasema.

"Hapana."

"Na bado huuzi."

"Bado siuzi. Lakini safari hii nimeamua mwenyewe, sijamwuliza taa."

Akalia kidogo, akacheka kidogo, akapakia samaki wa kukaanga tuliompa, akaenda zake. Mnunuzi alijibiwa.

Waya hatukuukata. Fundi alisema kuuacha ulivyo ni hatari, akaupanga upya vizuri, akaweka swichi mbili, moja kwangu, moja kwake. Bisibisi yake nilimrudishia.

Ukitaka funzo, langu ni hili. Mimi nilimwuliza maiti maswali wiki nzima, na aliye hai alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anasikia kila neno. Kama kuna mtu mmekaa naye kimya miaka, usikisie anachotaka. Usijaze mwenyewe majibu yake. Mwulize kwa mdomo, ungoje, hata akichelewa.

Maana na mimi nilikuwa na swali moja tu la kweli, na Ijumaa ile, mvua ikinyesha, nikiwa kwenye kile kiti chake, nikamwuliza.

Nilimwuliza habari ya Jumapili aliyorudi kutoka kwenye ndoa. Alisimama mlangoni na sanduku moja. Mzee alikuwa ameshajazwa maneno na jamaa kwamba dada yake anakuja kudai urithi, akasimama, hata salamu hakutoa, akamwuliza, "Umefuata fungu lako?"

Wifi hakumtazama kaka yake. Alinitazama mimi. Mimi nilikuwa mezani nachambua mchele. Mimi ndiye niliyemsuka nywele tangu ana miaka kumi na miwili, nikamfundisha kufuma, nikamfunga kanga siku ya harusi yake. Na siku ile nikainamisha kichwa, nikaendelea kutafuta mawe kwenye sinia.

Ndipo akamjibu kaka yake, "Ndiyo. Nimefuata fungu langu."

"Wifi," nikamwambia, "siku ile ulitaka nini?"

Maji yakachemka, akayazima. Akamimina kikombe cha kwanza, akamimina cha pili, akaniwekea changu mkononi. Nilidhani hatajibu. Niliendelea kungoja.

"Nyumba sikuitaka," akasema. "Nilitaka uniambie, wifi, weka sanduku chini, uje unisaidie kuchambua huo mchele."